Kamisheni ya Kuleta Mteja wa Kodi: Ilipwe Vipi Bila Mtu Kuingia Matatani

Mwezi wa Juni ukianza kuyoyoma, saiba za Kibera hubandika karatasi mlangoni: "Ritani za KRA hapa," yaani ritani za kodi za Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Ukipita Lindi, Makina au Laini Saba utaona foleni imetoka nje hadi kwenye kichochoro. Wengi waliopanga foleni ni watu wa ritani ya sufuri: vijana waliochukua PIN ya kodi ili wafungue akaunti ya benki au waombe kazi, na kazi yenyewe bado haijapatikana. Lakini katikati ya foleni hiyo hiyo huwapo mwenye duka la jumla, askari wa kampuni ya ulinzi na mwenye ploti ya vyumba vya kupangisha. Hao shida yao haimalizwi kwa kubonyeza mara tatu. Kijana wa saiba, akiwa mwerevu, huwapeleka kwa wakala wa kodi.

Hapo ndipo maswali huanza. Je, aliyemleta mteja alipwe? Alipwe kiasi gani? Na mteja aambiwe, au mambo yamalizwe kimya kimya kwa M-Pesa?

Kwa ufupi, kamisheni inaweza kulipwa, mradi mambo matatu yazingatiwe: iwe ni malipo ya kumleta mteja tu, kiasi chake kisitegemee kodi itakayolipwa au kuepukwa, na mteja aijue kabla kazi haijaanza. Likikosekana moja, mnaingia kwenye eneo la rushwa, udanganyifu au yote mawili. Maelezo yanayofuata yanawafaa wakala, mwenye saiba, keateka wa ploti, na pia mteja anayetaka kujua pesa yake inagawanywa vipi.

Kwanza: hakikisha anayepokea mteja ana leseni

Uwakala wa kodi nchini Kenya unaongozwa na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015, iliyoanza kutumika Januari 2016. Chini ya sheria hiyo, mtu binafsi, washirika au kampuni huomba leseni kwa Kamishna wa KRA, na mwombaji hupimwa kama anafaa kuifanya kazi hiyo. Leseni inaweza kutolewa na inaweza pia kufutwa.

Karatasi tatu huwachanganya watu mtaani. Ya kwanza ni kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi, kinachotundikwa ukutani. Hicho kinamruhusu mtu kuendesha saiba. Hakimfanyi wakala wa kodi. Ya pili ni cheti cha CPA. Mhasibu aliyesajiliwa na ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008 ana elimu ya kazi hii na ana chombo kinachomwadhibu akikosea, lakini usajili huo si leseni ya uwakala wa kodi. Ya tatu ndiyo yenyewe: leseni ya KRA.

Mwenye saiba, kabla hujampeleka jirani yako kwa mtu, mwombe mtu huyo nakala ya leseni na PIN yake. Linganisha jina na orodha ya mawakala ambayo KRA huitangaza, au piga simu kituo chao cha huduma kwa wateja, 0711 099 999, uulize. Mteja akiharibikiwa, atakayetafutwa kwanza si wakala wa mjini ambaye sura yake haijulikani Lindi. Utatafutwa wewe.

Nchi nyingine nazo zina taratibu zake. Uganda ina kamati ya kusajili mawakala wa kodi chini ya sheria yake ya 2014. Marekani, ambako ndugu zetu wengi hufanyiwa ritani na Mswahili mwenzao sebuleni, serikali kuu haihitaji leseni kwa kila mtayarishaji. Jaribio la mamlaka yao ya kodi, IRS, la kuwalazimisha wafanye mtihani lilizimwa mahakamani mwaka 2014. Hata hivyo, kila anayelipwa kutayarisha ritani huko lazima awe na namba yake ya utambulisho, PTIN, na atie sahihi kazi yake. Anayepokea pesa na kukataa kutia sahihi ni wa kukimbiwa, awe Minneapolis au Kawangware.

Pili: tenganisha kuleta mteja na kufanya kazi ya kodi

Kamisheni ni malipo ya kutambulisha. Mwenye saiba anasema, "Hii ritani yako ina mambo. Nenda kwa fulani, ana leseni." Anatoa namba ya simu, pengine anamsindikiza mteja hadi steji ya Olympic. Kazi yake imeishia hapo, na malipo yake ni ya hapo.

Mambo hubadilika anapoanza kukusanya kitambulisho, PIN na nenosiri la mteja, akajaza fomu nusu, akaituma kwa wakala "aipitishe tu". Hapo amekuwa mtayarishaji asiye na leseni aliyejificha nyuma ya leseni ya mwingine. Wakala anayekubali mpango huo anakodisha jina lake, na kosa likitokea ndani ya ritani ni leseni yake itakayoulizwa.

Chukua kisa cha askari wa kampuni ya ulinzi, kwa sababu ndicho kinachojirudia kila mwaka. Mwajiri wake humkata kodi ya mshahara kila mwezi na kuipeleka KRA. Mwanzoni mwa mwaka humpa fomu ya P9 inayoonyesha alicholipwa na alichokatwa. Askari anakwenda saiba bila P9, kijana anaona njia rahisi ni ritani ya sufuri, anaifaili kwa dakika chache na kutoza pesa yake. Sasa KRA ina taarifa mbili zinazopingana: mwajiri anasema mtu huyu alipata mshahara, naye mwenyewe anasema hakupata hata senti. Hilo linaweza kurekebishwa kwa ritani ya marekebisho, na sheria inatoa miaka 5 ya kufanya hivyo. Lakini kwa nini kumtia mtu kwenye mzunguko huo?

Msaada wa saiba una mpaka unaoeleweka. Kumkodishia mtu kompyuta, kumchapishia P9, kumwonyesha pa kubonyeza huku yeye mwenyewe ameketi mbele ya kioo na kuingiza nenosiri lake: huo ni msaada. Kubakiwa na nenosiri lake na kuamua cha kuandika ni kumwakilisha, na uwakilishi una leseni yake.

Tatu: weka kiwango kisichofuata kodi

Njia salama ni kiasi maalumu kwa kila mteja, kinachotoka kwenye ada ya wakala. Tuseme wakala anatoza shilingi 3,000 kwa kazi fulani. Anakubaliana na mwenye saiba kuwa atamlipa shilingi 300 kwa kila mteja aliyemleta, kazi ikishakamilika na ada ikishalipwa. Mteja analipa 3,000 zile zile ambazo angelipa kama angekuja mwenyewe. Bei ikipanda kuwa 3,300 kwa sababu ya aliyemleta, basi anayelipa kamisheni ni mteja, na pengine hajui.

Kitu cha kukataa kabisa ni kamisheni inayopimwa kwa kodi "iliyookolewa" au kwa marejesho yatakayotoka KRA. Tazama hesabu ya ploti ya Kawangware. Mwenye ploti ana vyumba 20 kule Gatina, kila kimoja shilingi 4,000 kwa mwezi. Anapokea shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Kodi ya mapato ya kupangisha, kwa anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka, ni asilimia 7.5 ya jumla ya kodi za nyumba tangu Januari 2024. Kwa hiyo anadaiwa shilingi 6,000 kila mwezi, zilipwe kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita.

Keateka anakuja na mpango: "Tumwandikie vyumba 12 tu." Hapo inaonekana mapato ni 48,000 na kodi ni 3,600. "Zimeokolewa" shilingi 2,400 kwa mwezi, na keateka anataka theluthi yake, 800. Kwa mwaka hiyo ni 9,600, pesa tamu kuliko kamisheni yoyote ya haki. Na ndiyo sababu malipo ya namna hiyo ni mtego. Yanamfanya mtu aliyepaswa kuleta mteja awe na hamu ya ritani ya uongo. Kuficha mapato kwa makusudi ni kosa la jinai ambalo faini yake inaweza kufika shilingi milioni 10 au mara mbili ya kodi iliyokwepwa, kiasi kikubwa kati ya hivyo viwili, au kifungo cha hadi miaka 10, au vyote pamoja. Anayesaidia kulitenda naye haponi kwa kusema yeye ni keateka tu.

Nne: mteja aambiwe kabla

Hili ndilo linaloachwa mara nyingi, na ndilo zito kuliko yote. Mtu anayekushauri uende kwa fulani, huku analipwa na fulani huyo kwa siri, hakushauri, anakuuza. Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya 2003 ina kifungu kinacholenga jambo hili hili: zawadi au malipo ya kumshawishi mtu kutoa ushauri, yakiwa yamekusudiwa kufichwa kwa anayeshauriwa. Anayetoa na anayepokea wote wana kosa. Watu hudhani sheria hiyo ni ya mawaziri na zabuni za serikali, lakini kifungu hicho kinamhusu yeyote anayetoa ushauri.

Kwa wahasibu kuna ngazi nyingine. Kanuni za maadili ambazo ICPAK inazifuata, zilizotoka kwa bodi ya kimataifa ya maadili ya wahasibu, hazikatazi moja kwa moja kulipa au kupokea kamisheni ya kuletewa mteja. Zinaitambua kuwa hatari kwa uaminifu wa mhasibu, na kinga yake kubwa ni kumweleza mteja na kupata kibali chake mapema. Kwa mawakili ni tofauti: Sheria ya Mawakili inakataza wakili kugawana malipo yake na asiye wakili, na inakataza pia kutumia watu wa kumzolea wateja. Kwa hiyo ikiwa wakala wako wa kodi ni wakili, usimdai kamisheni, naye asikupe.

Kumweleza mteja hakuhitaji hotuba. Karatasi moja inatosha, kwa lugha anayoielewa:

"Mwenye saiba aliyekuelekeza kwetu atalipwa shilingi 300, kutoka kwenye ada yetu. Bei yako haiongezeki kwa sababu hiyo. Mwenye saiba hatayarishi ritani yako wala hataona taarifa zako. Uko huru kwenda kwa wakala mwingine. Ukikubali, tia sahihi hapa."

Msomee asiyejua kusoma. Mwache atie sahihi au dole gumba, umpe nakala. Anayekataa, usimbane, mhudumie kwa bei ile ile bila kamisheni kulipwa, au mwache aende. Wengi hukubali. Mtu wa Kibera anajua kuwa hakuna anayetembea njia nzima kumsindikiza mwenzake bure. Kinachomuudhi ni kuja kugundua baadaye.

Tano: andikeni makubaliano, na yawe mafupi

Wakala na mwenye saiba waandikiane ukurasa mmoja. Mambo ya kuweka ni haya: majina na PIN za pande mbili, kiasi kwa kila mteja, siku ya kulipa, kwamba aliyeleta mteja hatajiita wakala wa kodi wala mtu wa KRA, kwamba hatachukua nenosiri la mteja, kwamba hatamuahidi mteja marejesho wala kodi ndogo, na kwamba upande wowote unaweza kuvunja makubaliano kwa taarifa.

Ongezeni daftari. Kila mteja aandikwe tarehe, nani alimleta, ada aliyolipa, kamisheni iliyotoka, namba ya muamala wa M-Pesa, na kama alitia sahihi ile karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachopotea mara nyingi ni urafiki wa wakala na mwenye saiba: mwisho wa Juni mmoja anadai wateja 14, mwingine anakumbuka 9. Sheria ya Taratibu za Kodi inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5, kwa hiyo daftari hilo lisifungiwe maandazi.

Sita: kamisheni yenyewe nayo ina kodi

Aliyepokea shilingi 300 mara hamsini amepata shilingi 15,000, na hayo ni mapato ya biashara. Yaingie kwenye hesabu zake pamoja na mapato ya kuchapisha na kunakili. Mwenye saiba ambaye mauzo yake kwa mwaka yako kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 hulipa kodi ya mauzo ya asilimia 3, kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aliye chini ya milioni 1 hayumo kwenye kodi hiyo, lakini ritani ya mwaka bado inamhusu.

Kwa wakala, kamisheni ni gharama ya biashara, ila tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ni vigumu kuipunguza kwenye hesabu za kodi ya mapato. Saiba ndogo zinaweza kutoa ankara hiyo kwa simu ya kawaida kupitia *222#. Na tangu mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024, mnunuzi anaweza kumtolea ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Kwa hiyo kisingizio cha "huyu wa Lindi hana risiti" kimeisha nguvu. Lipa kwa namba ya M-Pesa iliyoandikwa kwenye makubaliano, si pesa taslimu mkononi, si kwa simu ya shemeji.

Saba: nenosiri na barua pepe ni vya mteja

Kuna shida moja ya saiba ambayo mawakala huikuta kila siku. Mtu alifunguliwa PIN miaka iliyopita, na kijana aliyemfungulia aliweka barua pepe ya saiba kwa sababu mteja hakuwa na yake. Leo mteja akisahau nenosiri, ujumbe wa kulibadilisha unakwenda kwa saiba iliyohamia Dagoretti au iliyofungwa. Mwenye PIN amegeuka mpangaji ndani ya akaunti yake mwenyewe.

Kabla ya wakala kuanza kazi, amsaidie mteja kusafisha hapo. Mteja afungue barua pepe yake kwenye simu yake, kisha aende Huduma Centre (ya karibu ni ya Kibra) au ofisi ya KRA akiwa na kitambulisho halisi, abadilishiwe. Baada ya hapo aweke nenosiri jipya analolijua peke yake. Wakala mwenye leseni huingia kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, kwa PIN yake mwenyewe, kwa idhini ya mteja. Hahitaji kujifanya mteja.

Daftari la saiba lenye PIN na manenosiri ya wateja, lile linaloachwa mezani kando ya mashine ya kunakili, lichomwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde na asizitumie kwa jambo ambalo hawakulikubali. Kuuza orodha ya majina na namba za simu kwa wakala ni kinyume cha hilo. Mpe mteja namba ya wakala. Usimpe wakala namba ya mteja kabla mteja hajasema ndiyo.

Watu wa kutolipa kamisheni kamwe

Afisa wa KRA, karani wa Huduma Centre, au "mtu wa ndani Times Tower", makao makuu ya KRA, anayesema ataharakisha faili: hiyo si kamisheni, ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa na anayepokea. Mhasibu au karani wa kampuni anayedai asilimia kwako ili akupe kazi ya mwajiri wake bila mwajiri kujua: kataa. Mtu anayejitangaza kuwa wakala bila leseni: usimlipe, na usimpe mteja.

Ukiwa wewe ndiye mteja

Uliza maswali manne, na usione haya. Leseni yako iko wapi? Nani atakayegusa ritani yangu? Aliyenileta analipwa ngapi, na nani anamlipa? Nitapata lini stakabadhi ya iTax inayoonyesha ritani imepokelewa? Stakabadhi hiyo ndiyo ushahidi wako. Ujumbe wa WhatsApp unaosema "tayari boss" hauthibitishi kitu. Isome. Ukiona imeandikwa sufuri na wewe una mshahara, duka au ploti, rudi siku hiyo hiyo.

Ikiwa kweli huna mapato, huhitaji wakala wala kamisheni. Ritani ya sufuri haina ada, na unaweza kuifaili mwenyewe kwenye iTax. Saiba utailipa kwa muda wa kompyuta na karatasi tu. Lakini ifaili: anayechelewa kupita tarehe 30 Juni hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kiasi kilicho kikubwa.

Na nyinyi wakala na mwenye saiba, kaeni chini Januari, P9 zinapoanza kutoka, mwandikiane ule ukurasa mmoja wakati foleni bado fupi. Makubaliano yanayofanywa tarehe 29 Juni, mteja amesimama mlangoni na mtandao unasuasua, huwa na bei mbili: ile anayoambiwa mteja, na ile mnayoijua nyinyi wawili.